Kufutika

Mahakama ya Arua, Jumanne, mabati yanalia kwa joto.
Mimi ni mkalimani. Nina glasi ya maji
na neno moja linalokataa kuvuka.

Mama Ayikoru, muuza unga wa muhogo,
aliyekulia kambini, Kiswahili chake kimevaa buti,
ameapa, amekohoa, amesema:
"Nilimwona Onzima akifutika."

Nikageuza kwa Kiingereza: alimwona akitoweka.
Kalamu ya hakimu ikasimama hewani.
"Akitoweka vipi, na huyu hapa kizimbani?"
Watu wakacheka. Onzima naye akacheka, kidogo,
kwa upande mmoja wa mdomo.

Nikaomba radhi.
Mheshimiwa, neno hili ni pacha.
Mmoja hufutika ubaoni,
jina likabaki vumbi kwenye kiganja cha mwalimu.
Mwenziwe hufutika kitu: hukikunja ndani ya nguo
hapa, kiunoni, kibindoni,
kama bibi yangu alivyofutika ugoro, noti ya elfu,
na ufunguo wa sanduku ambalo hatukuliona likifunguliwa.
Halikuwa neno la damu. Lilikuwa la akiba.
Wenye bunduki walilikuta limelala kwenye upindo wa kanga,
wakaliamsha, wakalifunga mkanda.

"Basi alifutika nini?"
"Bastola."
"Uliiona?"
"Sikuiona."

Wakili wa utetezi akainuka kama maziwa yanayochemka.
Mama Ayikoru akangoja yatulie.

"Bastola haionekani. Anayeonekana ni mtu.
Tangu mavuno ya simsim Onzima hainami.
Sarafu ikimwanguka, anawaachia watoto.
Kwenye benchi langu anakaa upande, kama mwenye jipu.
Joto lote hili, na koti.
Mkono wake huenda nyonga ya kulia,
unapapasa, unaondoka, unarudi,
kama ulimi kwenye jino bovu.
Shemeji yake alipokuja kutoka Koboko
alimkumbatia kwa bega moja.
Na yule binti yake, Letaru,
aliyezoea kubebwa kulia, kulia kila jioni,
akija kununuliwa mandazi,
alihamishiwa kushoto.
Mtoto akalia wiki nzima. Mtoto anajua mahali pake.
Nikasema moyoni, haya, pale pameingia mpangaji."

Hakuna aliyecheka.
Onzima aliutazama mkono wake wa kulia
kama mtu anayetazama barua iliyorudishwa.

Nikatafsiri. Kiingereza kilinipa kubeba,
kikanipa kuficha, kikanipa silaha,
maneno matatu makavu, hayana nguo, hayana kiuno,
hayajawahi kuwekewa noti ya elfu na bibi wa mtu.
Niliyapanga mstari, yakapita mlangoni mojamoja
kama askari wanaokaguliwa.
Hakimu akaandika, akaridhika.
Mtoto hakuandikwa upande gani.

Sikumwambia hakimu
kwamba mwaka tuliokimbilia ng'ambo ya mpaka
nilikuwa mgongoni mwa mama, simkumbuki yeyote,
namkumbuka kuku tuliyemwacha amelalia mayai.
Mama husimulia safari ile kwa maneno machache,
yaleyale, kama anayehesabu chenji:
"Tulifika mtoni. Baba yenu akafutika.
Tukavuka bila yeye."
Kisha huenda kuangalia moto.

Mara nyingine namwona baba amesimama ukingoni,
anakunja kitu ndani ya shati, anafunga vifungo,
anageukia vichaka walikotokea wale wengine.
Mara nyingine namwona mto tu
na ubao uliofutwa vizuri.
Miaka arobaini na kitu, na kazi yangu ni kuuliza watu
walimaanisha nini,
sijamwuliza mama ni pacha yupi.

Karani amenigusa kiwiko.
Anataka nimtajie neno hilo herufi kwa herufi,
polepole, asije akakosea.